Mti Hadi Mdomoni

Aliileta Jumatatu ya masika, imeviringishwa blanketi la kijivu,
akailaza juu ya meza yangu hapa Ngarenaro
kama mtu anayeshusha mtoto aliyesinzia garini.
Bwana Anaeli Sumari, aliyeongoza wageni wa uwindaji Lolkisale
tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.
"Inapiga kushoto," akasema. "Kiangazi haikuwa hivi."

Kabla sijamjibu nilivuta komeo nyuma,
nikachungulia chemba, nikatia kidole cha mwisho kwenye giza lake.
Baba alinifunza hivyo: bunduki huulizwa kila inapobadili mkono,
hata aliyekupa akiwa mchungaji,
hata kama umeiuliza mwenyewe sasa hivi.
Tupu.
Ndipo nikamuuliza habari za nyumbani.

Zile nyingine mti huishia katikati,
mtutu ukaendelea peke yake, uchi,
kama mkono uliotoka kwenye shati fupi.
Hii, mti umeusindikiza mtutu hadi mdomoni,
ukavishwa pale kofia ya chuma, ndogo kama kizibo.
Ni fupi, haigombani na miiba.
Popote kiganja cha kushoto kitakapotua, kinakutana na mti,
na asubuhi ya Julai, umande ukiwa bado umeganda,
chuma kinang'ata. Mti hapana.
Ni mjozi, wa milima ya watu wengine,
mishipa yake rangi ya kahawa iliyosahaulika kidogo motoni.
Kitakoni pana waa lililong'aa:
shavu lake limelala hapo miaka thelathini na moja.

Sikatai, ni nzuri.
Nimeona mtu aliyefuata miguu ya kitanda
akasimama mlangoni, akauliza bei.
Haiuzwi.
"Basi niishike tu."
Nikamwambia aanze na kitanda.

Maana uzuri huu una deni lake.
Mti hauamini kwamba ulikatwa.
Mvua ikishuka kutoka Meru unakunywa hewa,
unavimba, unauegemea mtutu
kwa unene wa unywele,
na unywele huo, ukifika mita mia na hamsini,
ni kiganja kizima:
umekosa moyo, umepasua tumbo,
na jioni yote unafuata damu kwenye nyasi zilizokuzidi kimo.

Nilitoa noti ya elfu mbili, nikaipitisha kati ya chuma na mti.
Ikateleza, ikateleza,
ikagoma inchi nne kabla ya mdomo.
"Hapo," nikasema. Akainama kutazama, miwani ikamtoka puani.
Nikalegeza skrubu, nikapaka mtutu masizi ya kibatari,
nikaulaza, nikauinua:
mti ukaonyesha kwa weusi pale unapobana.
Nikakwangua kwa kigae cha chupa.
Vumbi lote lisingejaza kijiko cha chai.
Kisha mafuta ya kitani, kwa kiganja, mpaka kiganja kiungue,
ndani zaidi kuliko nje,
kwa sababu mvua haiingilii kwenye urembo.

Noti ikapita hadi mwisho.

"Ijumaa uje, tukaijaribu shabaha."
"Ijumaa naipeleka kituoni," akasema. "Naisalimisha.
Macho yamekwisha. Kijana wangu anauza simu, haitaki."
Nikatazama mikono yangu, mafuta mpaka viwikoni.
Siku tatu za kazi
kwa bunduki inayokwenda kuegemezwa ukutani na namba shingoni!

Akaipokea. Akavuta komeo,
akachungulia chemba, akatia kidole cha mwisho gizani,
akaiuliza, mbele yangu mimi niliyemkabidhi.
"Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika hali yake," akasema.
"Nikiandika nzima, nataka iwe nzima."

Akaifunga blanketi. Nje ilikuwa inanyesha bado.

Ile noti nilinunulia vitunguu jioni ileile.
Mama wa gengeni aliigeuza mara mbili,
akasugua kwa kidole mstari mweusi katikati,
akaniuliza umetoka wapi.